Maneno 620 kwa dakika na bado sapu: jibu kwa nesi wa Morogoro

Nimepata swali la dada mmoja nesi, yuko Morogoro. Nalifupisha hapa ili na wengine mfuatilie.

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, nina watoto wawili, nipo kazini huku najiendeleza kutoka diploma kwenda digrii. Madesa ni mengi na muda sina, nasoma nikiwa zamu ya usiku au watoto wakishalala. Mwezi wa tatu nikalipia kozi ya mtandaoni ya kusoma haraka, elfu 45. Walitufundisha kuzima ile sauti ya kichwani inayotamka maneno ukisoma kimya, kushusha kidole katikati ya ukurasa na kutorudi nyuma hata kama hujaelewa. App yao ilinipima nikatoka maneno 190 kwa dakika mpaka 620, nilifurahi mno. Pepa zikaja, masomo ya wodini nikapita vizuri, takwimu nikapata sapu, natakiwa kurudia mtihani, na lile desa lina kurasa 40 tu na nililisoma mara tatu jamani. Naomba kujua, niendelee na mazoezi au kasi ndo inaniharibia? Na nikirudi kusoma polepole nitamaliza saa ngapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hiyo sapu. Mimi nimefundisha kusoma zaidi ya miaka 20, watoto wa darasa la kwanza mpaka watu wazima wanaorudi shule kama wewe, na swali lako naulizwa karibu kila mwezi ila wewe umeliuliza vizuri kuliko wengi maana jibu umeliweka humo humo ndani bila kujua. Umesema masomo ya wodini umepita na takwimu umefeli, wakati macho ni yale yale, kidole ni kile kile na kozi ni ile ile. Shika hapo, nitarudi.

Kwanza tuanze na macho maana hiyo kozi yako imekuuzia kitu ambacho jicho la binadamu haliwezi. Fanya hivi leo nyumbani, chukua gazeti la zamani, toboa katundu katikati ya ukurasa kama punje ya hindi, mpe mwanao mkubwa asome kimya upande wake alafu wewe chungulia kwa nyuma kupitia hako katundu umtazame macho. Utaona hayatiririki kama maji, yanarukaruka. Yanatua, yanaruka, yanatua tena, na mara moja moja yanaruka kurudi kushoto. Jambo hili lilishaandikwa na daktari wa macho wa Paris, Louis Émile Javal, tangu miaka ya 1870, na vifaa vya kisasa vimelipima mpaka kwenye sehemu ndogo ya sekunde. Kila kituo kinachukua kama robo sekunde, na kwa mtu anayesoma Kiingereza mruko mmoja ni herufi 7 mpaka 9 hivi. Wakati jicho liko hewani ubongo haupati maandishi yoyote ya maana, kusoma kote kunafanyika kwenye vituo.

Na kwenye kituo unaona vizuri eneo dogo sana. Nyoosha mkono wako mbele, tazama kucha ya dole gumba, eneo la ukubwa ule ndo jicho linaona kwa ukali wa kusomea herufi, pembeni yake unaona kwamba kuna kitu ila huwezi kukisoma. Sasa niambie, ukishusha kidole katikati ya ukurasa, maneno ya pembeni kushoto na kulia yanasomwa na nani? Hayasomwi mdogo wangu, unayakisia.

Piga hesabu mwenyewe, nesi anajua hesabu za dripu, hizi hazimshindi. Robo sekunde kila kituo ni vituo 4 kwa sekunde, ni 240 kwa dakika, na kila kituo kwa wastani kinabeba kama neno moja hivi. Mwaka 2019 mtafiti wa Ubelgiji, Marc Brysbaert, alikusanya tafiti 190 zenye wasomaji zaidi ya 18,000 akatoa wastani, mtu mzima anayesoma kimya Kiingereza anakwenda maneno 238 kwa dakika kwenye maandishi ya maelezo, na kama 260 kwenye hadithi. Umeona ilivyokaa karibu na hesabu yetu ya vituo? Kwa hiyo ile 190 yako ya mwanzo uliyoionea aibu, kwa mtu anayesoma kitabu cha shule kwa lugha ambayo si ya kwao, akiwa zamu ya usiku, ilikuwa kasi nzuri tu. Hukuwa na ugonjwa wa kutibiwa kwa elfu 45.

Sasa hilo la "usirudi nyuma" ndo linaniuma zaidi, maana ni ushauri unaomnyang'anya msomaji kifaa chake cha kujirekebisha. Soma sentensi hii: Mama alikaa juu ya mbuzi, akanyoosha miguu, akaanza kukuna nazi. Mtu wa kawaida akifika kwenye "mbuzi" anamuona mnyama, anashangaa, alafu akigonga "kukuna nazi" macho yanaruka kurudi, mbuzi anageuka kibao cha kukunia nazi na sentensi inakaa sawa. Huo mruko wa kurudi na kituo chake umechukua kama robo sekunde na umeokoa maana yote. Kati ya miruko 100 ya macho ya msomaji mzuri, kama 10 mpaka 15 ni ya kurudi nyuma, ni kazi ya kawaida kabisa. Mwaka 2014 Elizabeth Schotter na wenzake walifanya jaribio wakawa wanayafunika maneno kila msomaji anapoyapita ili hata akitaka kurudi asikute kitu, na uelewa ulishuka. Wakati ule zilikuwa zimetoka app zinazorusha neno moja moja katikati ya skrini, unakodoa tu macho, na shida yao ni hiyo hiyo, mbuzi akishapita kapita.

Kuhusu sauti ya kichwani, iache iongee. Ile sauti ndo inashikilia mwanzo wa sentensi mpaka ufike mwisho, na watafiti walipowazuia watu wasiitumie wakati wanasoma, kwa mfano kwa kuwafanya waseme kitu kingine mdomoni, walishindwa hasa pale panapotakiwa kuunganisha wazo hili na lile. Kidole sina ugomvi nacho, kikifuata mstari kinakusaidia usipotee hasa ukiwa umechoka, ila kisitembee kuliko akili.

Biashara ya kusoma haraka si ya jana, mwalimu mmoja wa Utah kule Marekani, Evelyn Wood, aliifungua rasmi mwaka 1959 na ikapata umaarufu mkubwa sana, mpaka Rais Jimmy Carter aliisoma. Baadaye Marcel Just, Patricia Carpenter na Michael Masson wakawapima waliofuzu. Wakachukua watu wa aina tatu, waliosomea kasi, watu wa kawaida wanaosoma kawaida, na watu wa kawaida walioambiwa tu "pitieni juujuu". Waliofuzu walikwenda kama maneno 700 kwa dakika, wapitiaji kama 600, wa kawaida kama 240. Kwenye makala nyepesi, swali la jumla kama "makala ilihusu nini", waliofuzu waliwazidi kidogo wale wapitiaji. Lakini ukiuliza jambo la ndani, tarakimu, jina, sababu, au ukiwapa makala ngumu, waliofuzu na wapitiaji walikuwa sawa na wote walipitwa na yule anayesoma kawaida, na kilichoonekana ni kwamba mtu alilijua jambo pale tu ambapo jicho lake lilitua karibu na hapo. Yaani kozi iliwafundisha kupitia juujuu kwa kujiamini.

Na ile app iliyokupa 620, hebu ifungue tena, chagua makala ambayo hujaisoma, nenda moja kwa moja kwenye maswali ujibu bila kusoma kitu. Mimi nimefanya hivyo na wanafunzi wangu kwa app za aina hiyo, wengi wanapata zaidi ya nusu kwa sababu maswali ni ya kuchagua na majibu mengine hata mtu wa mtaani anayajua. Kipimo kama hicho hakipimi uelewa, kinapima kasi ya kidole.

Ila nisije nikakufanya uamini kwamba polepole ndo kuelewa, hapana. Kuna polepole inayoua maana kabisa. Miaka ya nyuma nilikuwa nazunguka na stopwochi kwenye shule za msingi, nakumbuka mtoto mmoja wa darasa la pili, anasoma "a-li-kwe-nda… alikwenda… so-ko… sokoni" jasho linamtoka puani, akamaliza sentensi nikamuuliza nani kaenda sokoni, akanitazama tu. Alikuwa kama mtu anayechota maji kwa viganja kutoka mbali, akifika mtungini viganja vitupu, maana nguvu yote imeishia kwenye herufi na mwanzo wa sentensi umeshamwagika njiani. David LaBerge na Jay Samuels walilieleza hili mwaka 1974, kwamba akili ina nguvu ya kiasi fulani, ikiliwa yote na kutambua maneno haibaki ya kuelewa. Ndo maana Kenya walipoweka kipimo cha kasi ya kusoma kwa sauti kwa watoto wadogo walisema angalau maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Na usishangae Kiswahili kuwa kidogo, "nitakapowaletea" ni neno moja lakini mle ndani kuna nani, lini, kwa nani na kitendo, Mwingereza angetumia maneno matano au sita.

Na dakika chache baada ya yule, akaja binti wa dawati la nyuma, yeye alisoma ukurasa mzima kama mtangazaji wa redio, alama zote za uandishi, mkato, nukta, safi kabisa. Nikamuuliza hadithi ilihusu nini. Akaanza kuisoma tena. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishajua silabi anaweza kusoma chochote kwa sauti hata asichokielewa, na watu wa Pwani wanalijua zaidi hili, mtoto wa madrasa anahitimisha msahafu kwa tajwid nzuri na Kiarabu hakijui, na kule ni sawa maana kule usomaji wenyewe ni ibada. Desa la takwimu si ibada. Utafiti uliofanyika Kenya mwaka 2012 kwa maelfu ya wanafunzi ulikuta watoto wanasoma maneno mengi zaidi kwa dakika kwa Kiingereza kuliko Kiswahili, lakini ukija kwenye maswali ya ufahamu, Kiingereza ndo kilikuwa chini. Kasi ilikuwa juu, maana haikuwepo.

Hapo nikwambie jambo moja la lugha yetu ambalo kozi za kigeni haziwezi kukwambia kwa sababu hazikijui Kiswahili. Kwetu maana inakaa tumboni mwa neno, kwenye herufi moja. Tazama "alipotoa" na "asipotoa". Tofauti ni l na s, basi, lakini la kwanza linasema alitoa na la pili linasema akikosa kutoa. Jicho linalokimbia linaona a-kitu-potoa linapita. Nimewahi kukaa na jirani yangu aliyekuwa amechukua mkopo wa simu, hizi kausha damu, akaniambia masharti kayasoma yote, tukayafungua tena pamoja, kulikuwa na sentensi yenye "asiporejesha" yeye kichwani ameibeba kama "aliporejesha", akaelewa kinyume kabisa na tarehe ilishapita. Tena ni mtu wa kidato cha sita. Kwa hiyo kitu chochote chenye saini yako, mkataba, dozi, masharti ya mkopo, soma kila neno mpaka ile herufi ya katikati ya neno.

Haya turudi kwenye lile jibu ulilolibeba mwenyewe. Kasi ya kusoma haikai kwenye macho, inakaa kwenye unachokijua. Mwaka 1988 kule Marekani Donna Recht na Lauren Leslie walichukua wanafunzi 64, wengine wasomaji wazuri wengine dhaifu, wakawapa maandishi yanayosimulia mechi ya baseball. Wale dhaifu wa kusoma ambao mchezo wanaujua waliwapita mbali wasomaji wazuri wasioujua. Ni sawa na kumpa kijana wa kijiweni ripoti ya mechi ya Simba na Yanga na kumpa hiyo hiyo profesa asiyejua kuotea ni nini.

Wewe ukisoma kuhusu figo, hujaanza kusoma leo. Umeshaona mgonjwa kavimba miguu, umeshapima mkojo wake, umeshaandika chati ya maji yanayoingia na kutoka, kwa hiyo kila sentensi inakuta kiti chake kichwani tayari. Ukipita kwa 620 hata ukiruka nusu ya maneno unajaza mwenyewe na unajaza sahihi. Ndo maana ulipita, na kozi ikajichukulia sifa ya kazi ya miaka yako ya wodini. Ukija kwenye takwimu hakuna viti. Ukiruka neno hakuna cha kujazia, na kurudia mara tatu kwa kasi ile ile ni kupita mara tatu mbele ya nyumba ambayo hujaingia.

Kwa hiyo dawa ni kujenga viti. Mfano ile standadi devieshen ambayo najua imekutesa maana inawatesa wote. Chukua presha za juu za wagonjwa watatu wodi A, 128, 130, 132. Wodi B, 95, 130, 165. Wastani wa wodi zote mbili ni 130. Sasa ukikabidhiwa zamu, ukaambiwa tu "wastani 130", utalala wodi gani kwa amani? Umeshajibu. Hicho kilichokufanya uihofie wodi B, namba kutawanyika mbali na wastani wake, ndo standadi devieshen, fomula ni njia tu ya kukipa tarakimu. Ukiwa na picha hiyo rudi kwenye ule ukurasa, utashangaa unavyosomeka, na utaona kasi inapanda yenyewe bila kidole.

Mtafiti mmoja aliyetumia maisha yake kwenye mambo haya, Ronald Carver, alisema msomaji ana gia kama gari, akazipa na namba kwa msomaji wa chuo, kutafuta neno fulani ni kama 600 kwa dakika, kupitia juujuu 450, kusoma kwa kuelewa kawaida 300, kusoma ili ujifunze 200, na kukariri 138. Namba usizishike sana zinabadilika mtu na mtu, shika gia. Ile mbinu yako ya kidole usiitupe, itumie pale inapofaa, una makala 12 za kuchagua 3 za risechi, zipitie zote kwa 600 uone ipi inakuhusu, hapo ni halali kabisa. Kosa ni kupanda mlima wa Kitonga na gia ya tambarare.

Na badala ya kusoma mara tatu, soma mara moja kwa gia ya kujifunza alafu funga desa uandike ulichokumbuka, hata kwenye karatasi ya chati iliyoharibika. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima mwaka 2006, waliosoma tena na tena walikuwa mbele wakipimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki walikumbuka kama asilimia 42 na waliofunga wakajikumbusha walikumbuka 56. Na kule kusoma tena kunadanganya, maandishi yanakuwa mazoefu unadhani umeyaelewa.

Jambo jingine dogo, hujasema ila nina uhakika desa unalisomea kwenye simu. Ukusanyaji wa tafiti 54 uliotoka 2018 ulikuta watu wanaelewa vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa wakiwa wanabanwa na muda na hasa maandishi ya maelezo, yaani hali yako wewe kabisa. Usiprinti yote, peleka steshenari zile kurasa za takwimu tu.

Sasa lile la "nitamaliza saa ngapi", tupige hesabu. Kurasa 40 za desa, tuseme maneno 350 kila ukurasa, ni maneno 14,000. Kwa 620 ni kama dakika 23, na ulisoma mara tatu, jumla dakika 68 na ukatoka mikono mitupu. Ukisoma mara moja kwa 150, polepole, unasimama unafikiria wodi A na wodi B, unarudi nyuma ukitaka, ni dakika 93. Tofauti ni dakika 25. Gawa kurasa 8 kwa usiku mmoja, ni kama dakika 19 za kusoma na 10 za kufunga na kuandika, usiku wa tano umemaliza. Anza na ukurasa wa wastani na mtawanyiko, na kila namba watakayokupa humo iondoe, weka presha au joto la mgonjwa unayemkumbuka.